Glavu za kuingiza mkono kwenye tangi la matumbawe: naitrili, za jikoni, za daktari wa ng'ombe au mkono mtupu?

PwejaMdogo (Coventry)
Wakuu heshima zenu. Nina tangi la maji chumvi lita 250, kina kama sentimita 60, na kila wikendi lazima mkono uingie, mara kupangusa kioo, mara kuinua tumbawe lililopinduliwa na konokono, mara kuokota chakula kilichobaki nyuma ya mawe. Miaka mitatu yote mkono mtupu, nanawa, naingia, natoka, maisha yanaendelea. Mwezi wa tatu nikajikwaruza kwenye jiwe hapa kwenye fundo la kidole cha kati, kitu kidogo hata plasta sikuweka. Wiki tatu baadaye pakaota kinundu, hakiumi, rangi kama zambarau hivi. Daktari wa kwanza akasema chunjua akanipa ya kupaka. Napaka weee, mara kikatokea cha pili huku mgongoni mwa mkono, kama kimempa mwenzake taarifa. Daktari wa pili ndo akauliza "kwani unafuga samaki?" Wakakata kanyama wakapima, Mycobacterium marinum, bakteria wa majini. Sasa hivi niko kwenye antibayotiki mbili na nimeambiwa nihesabu miezi, wiki nisahau.

Kwa hiyo kuvaa nitavaa, hilo limeisha. Swali ni nivae zipi, maana nimenunua aina tatu na mke wangu anasema meza imekuwa chumba cha upasuaji. Za naitrili zile nyembamba za buluu, za jikoni za kuoshea vyombo, na zile ndefu za plastiki anazovaa daktari wa ng'ombe zinafika begani (msicheke). Mwenye uzoefu aseme.

Kevo_chumvi (Nairobi)
Pole sana buda. Mi nimetumia za jikoni mwaka mzima nikaziacha. Ziko poa kwa kupangusa kioo cha juu, ni nzito, mwamba hauzitoboi haraka, lakini zinaishia hapa chini ya kiwiko na tangi yangu ina kina, so ukiinama tu kufikia mchanga maji yanaingia kwa juu, na yakishaingia hayatoki, unavuta mkono ukiwa umebeba jagi nzima ndani ya glovu alafu unaimwaga kwa carpet. Mama watoto alinipea onyo moja tu. Pia uangalie ndani, zingine ziko na kitambaa cha pamba, na hiyo pamba ukiimwagia supagluu ya kubandikia vipande vya koral inashika moto, si moto wa kuwaka lakini inachemka na kukuchoma vidole. Niliona moshi kwa kidole changu nikadhani nimerogwa.

MzeeWaChumvi (Dubai)
Mimi ni timu mkono mtupu na sibadiliki kirahisi. Miaka kumi na mbili. Kubandika kipande cha tumbawe kwa epoksi umevaa glavu ni sawa na kuchambua dagaa umevaa soksi, huhisi kitu, unavunja tawi la tumbawe ulilolilea mwaka mzima halafu unasema bahati mbaya. Ninachofanya mimi ni hivi, tangu asubuhi sipaki losheni wala manukato, nanawa kwa maji mengi bila sabuni mpaka kiwikoni, nasuuza na maji ya RO, yale yaliyochujwa kabisa, ndo naingia. Ukiingia na mafuta ya mkononi skima, ile mashine inayotoa uchafu kwa povu, itakuambia tu, povu linakata ghafla na linaweza kukaa hivyo saa kadhaa. Na kabla ya yote hita na pampu zinazimwa ukutani, siyo kwa kitufe. Maji ya chumvi na umeme havijuani.

NesiSalma (Minneapolis)
Mzee nakuheshimu ila miaka kumi na mbili ni bahati, siyo kinga, naomba tusidanganyane hapa. Mimi ni muuguzi, tangi ninalo pia. Huyo mdudu wa PwejaMdogo ni wa ukoo mmoja na wa kifua kikuu, alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1926 kwenye samaki wa akwariamu kule Philadelphia, na anapenda joto la kama digrii 30 ndo maana anakaa kwenye vidole na mikono ambako kuna ubaridi kidogo kuliko ndani ya mwili. Haingii kwenye ngozi nzima, anangoja mlango. Na mlango huo huuoni, ni ule mchubuko wa juzi ulipokata vitunguu, ni ngozi iliyochanika pembeni ya kucha. Kwa hiyo mkono mtupu kwangu unaruhusiwa ukiwa mzima kabisa na kazi ni ya dakika moja, ukiwa na kidonda chochote basi glavu au uahirishe, na plasta peke yake haitoshi, inalowa.

Kuhusu aina, naitrili. Lateksi watu wengi ngozi inawakataa, na allergy yake inaweza kuanza hata kama umezivaa miaka. Usinunue zenye unga ndani, ule unga utaishia tangini. Halafu kabla ya kuvaa ipulize kama puto, izungushe mdomo, uikamue, kama ina tundu utasikia hewa kwenye shavu.

Na wote mkienda hospitali na kinundu mkononi mwambieni daktari kwamba mna tangi hata kama hajauliza. Asipojua hapimi.

FundiMaji (Mtwapa)
Mie niko kazini kwenye mabwawa ya samaki wa mapambo huku pwani, hushika samaki kutwa, niongeze moja. Mnazungumza wadudu na mafuta lakini miiba mmeisahau. Nani ana tasi tangini? Yule wa manjano mnaomwita foxface ni tasi tu, ndugu zake ndio hawa tunaokaanga. Kila mvuvi amjua tasi, ukimtoa kwa wavu usiangalie akikudunga mwiba wa mgongo mkono wote wawaka. Sasa mtu akiniambia ana glavu ya naitrili mie hucheka, kwa mwiba wa tasi hiyo ni karatasi. Hata ya jikoni hupenya. Kwa samaki wa miiba dawa si glavu, dawa ni kutomshika, mwelekeze kwenye chombo cha plastiki umtoe na maji yake.

Ukidungwa, maji ya moto, si ya kuchemka, kama digrii 40 mpaka 45, yajaribu kwanza kwa mkono ule mzima maana uliodungwa hauhisi vizuri, utie humo mpaka saa moja na nusu, maumivu hushuka. Kifua kikibana au mkono ukavimba kupita kiasi, hospitali.

BiZuena (Muscat)
Assalam alaykum wapenzi. Mie nasoma nasema mbona hakuna aliyezitaja zoa, wale jamaa laini wa matumbawe. Ndo sababu yangu mie ya kuvaa glavu, wala si huyo mdudu. Nlikuwa na jiwe limejaa zoa za aina ya Palythoa, za kahawia, zile kubwa mbaya mbaya zinazoenea kama magugu, nkaamua kulisafisha. Nkalitoa nje, nkaliweka kwenye sinki la jikoni, nkafungulia maji moto nkasugua kwa brashi. Glavu nimevaa skwambii, tena nzito. Usiku mdomo mchungu kama nimelamba betri, kifua kizito, baridi natetemeka na mume wangu aliyekuwa kakaa tu mezani anakunywa chai na yeye vivyo hivyo. Tukaenda hospitali, hata jina hawakulijua, tulilitamka sie.

Jina lenyewe palitoksini. Wahawaii wa Hana kisiwani Maui wanalijua zamani, inasemekana walikuwa wakipaka kwenye mikuki, na wanasayansi walikuja kuitenga mwaka 1971 kutoka kwa hao hao jamaa za zoa. Sasa glavu inakukinga isiingie kwenye kidonda, lakini mvuke haujui glavu, unaingia puani na machoni. Kwa hiyo Palythoa, glavu NA miwani ya kufunika macho, jiwe likae ndani ya maji muda wote, usisugue hewani, usimwagie maji moto na wallahi usichemshe jiwe. Ukikata kipande kata ndani ya ndoo ya maji ya tangi.

MzeeWaChumvi (Dubai)
Bi Zuena hapo umenishika. Nina zoa za rangi tano na huwa nazikata kwa wembe juu ya taulo, mikono mitupu, na uso nimeuinamisha nione vizuri. Mara moja ilinirukia karibu na jicho nikacheka. Sicheki tena.

Basi niseme hivi, asilimia kubwa ya kazi zangu kwa kweli siingizi mkono, nina koleo refu la plastiki la sentimita 70 na kioo nakisugua kwa sumaku. Labda ndo maana nimesalimika na nilikuwa nasifia mikono yangu bure.

Kevo_chumvi (Nairobi)
Koleo ndio ina shida moja, clownfish wangu huichukia, anaing'ata na haachi 😂

Kuna kitu hamjasema, kugusa leather coral alafu unaenda moja kwa moja kwa torch, koral ingine, na glovu ile ile. Ile ute ya leather ni sumu kwa majirani. Ukivaa glovu unasahau ni chafu juu mkono wako uko safi ndani. Mi huzisuuza kwa ndoo ya maji ya tangi kila nikibadilisha koral.

PwejaMdogo (Coventry)
Nimerudi na ripoti, nimejaribu Jumapili mbili.

Za jikoni nimezirudisha jikoni, Kevo alisema kweli tupu, nililowa mpaka kwapani. Naitrili peke yake mkono unahisi vizuri, hata kifuniko kidogo cha chupa ya supagluu nilifungua, ila zinaishia kwenye kifundo cha mkono, kwa hiyo ni za kazi za juu tu au za nje ya tangi, kama kukata vipande kwenye ndoo. Za ng'ombe zinafika begani, hapo hakuna ubishi, lakini vidole vinapwaya kama umevaa mfuko wa rambo, sikuweza hata kuokota konokono.

Ndo nikaziunganisha. Ya ng'ombe ndani, ya naitrili juu yake inayobana vidole, halafu mpira mpana pale juu ya msuli, usibane mpaka mkono ufe ganzi. Mara ya kwanza nilizamisha haraka, hewa ikabaki ndani na mkono wote ukaelea kama boya, samaki wakakimbilia pangoni. Dawa yake ni kushusha mkono taratibu kabla ya kufunga mpira, maji yenyewe yanaikamua hewa itoke kwa juu, ukifika begani ndo unafunga. Nikafika mpaka mchangani, nikatoka mkavu, nilipovua nikaukagua mkono kama mtoto aliyetoka shule. Skima haikutikisika.

Za ng'ombe kwa mwamba mkali hazifai ingawa, nilipita karibu na jiwe moja ikachanika mchana kweupe. Kazi ya kupanga mawe bado nasubiri vidonda vipone, halafu nitaazima koleo la Mzee.

BiZuena (Muscat)
Na miwani je?

PwejaMdogo (Coventry)
Nimeagiza. Mke wangu kaniuliza kama naenda kuchomelea mageti.

FundiMaji (Mtwapa)
Hizo za ng'ombe waosha warudia au watupa?

PwejaMdogo (Coventry)
Natupa. Ile ya naitrili pia. Nilijaribu kuianika moja bafuni, siku ya tatu ikanuka kama soko la samaki saa nane mchana.