Darubini imesafiri kwa basi, sasa kila nyota ina mkia. Nimeuziwa kimeo?

Kipanga_Dom
Wakuu, habari za usiku. Nimenunua darubini ya vioo, ya mtumba. Kioo kikubwa kina kipenyo cha milimita 150, urefu wa fokasi 750. Nilipoijaribu Dar nyota zilikuwa vidoti safi. Ikaja Dodoma kwenye buti la basi, juu yake magunia ya watu. Sasa kila nyota ina mkia, hata nikiiweka katikati kabisa. Mikanda ya Mshtarii siioni, naona duara la rangi ya krimu basi. Muuzaji anasema nisiguse skrubu yoyote. Kioo kimekufa?

mzee_wa_kijiwe
Pole mkuu. Uza, nunua king'amuzi 😂

Fundi Lenzi
Mikia inaelekea upande mmoja, au inatawanyika kutoka katikati kwenda pembeni?

Kipanga_Dom
Upande mmoja, zote. Kama mshale wa saa ulio kwenye nne.

Fundi Lenzi
Basi kioo kizima, kimeinama kwenye kiti chake tu. Kioo cha parabola hukusanya mwanga vizuri pale tu unapoingia sambamba na mhimili wake. Ukiingia kwa mshazari, mwanga wa ukingoni unatua pembeni kidogo ya ule wa katikati, ndiyo mkia unatoka. Tunaita koma. Darubini kama yako huwa na koma kidogo pembeni hata ikiwa salama, ila mikia hutawanyika. Kwako mhimili umehama, kwa hiyo unachokiita katikati, kwa kioo ni pembeni.

Iache nje nusu saa ipoe. Elekeza nyota ya Suheli (Canopus), iko kusini, haikimbii kama nyota za utosini. Weka lenzi ya kukuza sana, kisha haribu fokasi kidogo mpaka nyota iwe duara lenye tundu jeusi. Tundu ni kivuli cha kioo kidogo, kile cha mbele kinachogeuza mwanga kuja kwenye lenzi. Likikaa upande, zungusha skrubu moja nyuma ya kioo kikubwa, chini ya robo mzunguko. Nyota itahama: irudishe katikati KWANZA, ndipo uangalie tundu. Wengi wanakosea hapo. Ikizidi kuharibika, rudi kinyume.

Mwl. Fizikia
Kabla ya hapo, mchana, chungulia bila lenzi, kupitia kifuniko chenye kitundu ulichoweka mahali pa lenzi. Kwenye kioo kidogo uone duara zima la kioo kikubwa na vishikizo vyake vyote. Kimoja kikikosekana, anza na kioo kidogo.

Na usione aibu. Hubble, darubini ya angani, ilirushwa 1990 ikiona ukungu kwa sababu lenzi ya kifaa cha kupimia kioo chake ilikaa milimita 1.3 nje ya mahali pake. Kioo kikasuguliwa kwa ustadi mkubwa, umbo likawa siyo. Ule ugonjwa skrubu haziuponyi. Wanaanga walipeleka vioo vya kurekebisha 1993.

Kipanga_Dom
Mrejesho. Skrubu moja ilikuwa inacheza kabisa! Usiku wa pili tundu limekaa katikati, na mikanda miwili ya Mshtarii nimeiona, mke wangu shahidi. Tatizo: nikikaza zile skrubu za kufungia, tundu linahama tena.

Fundi Lenzi
Zikaze kwa zamu, kidogo kidogo, jicho likiwa kwenye nyota. Na usikaze kwa hasira, kioo kikibanwa nyota inakuwa pembetatu.