Wimbo wako wa kwanza kuurekodi: tupeane uzoefu, watu wa Kusini

Bin Mikindani
Jana nimepita Chikongola, Mtwara, nikakuta kijana amekaa nje ya studio na daftari, anaimba chinichini huku anapiga paja. Nikakumbuka mbali. Mliowahi kutunga wimbo wenu wenyewe mkaenda kuingiza sauti, njooni hapa. Mimi kilichonishtua ni kusikia sauti yangu kwenye spika. Nikamwambia prodyuza huyu si mimi. Akanieleza kwamba unapoimba unajisikia kwa masikio na pia kupitia mifupa ya kichwa, ndiyo maana unajiona una besi. Maiki haipati hiyo ya mifupa. Anayetaka kuanza ajirekodi na simu nyumbani mpaka aizoee sauti yake.

Kibarua wa Ruangwa
Hili la sauti ni kweli kabisa.

Mwali wa Newala
Nitaandika kirefu, mnivumilie. Nilitunga wimbo wa mama yangu. Mwezi wa sita wakati wa kupulizia salfa alikuwa anarudi shambani macho mekundu, anakohoa, na bado anaulizia maji kama yamepatikana. Vesi zilikuja usiku mmoja. Kiitikio kilikuja chenyewe, nikakiona changu. Nikarekodi Mtwara mjini, wimbo ukapendwa, ukaanza kupigwa kwenye sherehe.

Sasa kwenye harusi moja mama mkubwa akaomba muziki uzimwe. Akanishika mkono mpaka ndani, wakaitwa somo yangu aliyenifunda na manyakanga, wakuu wa unyago, nikakalishwa mkekani, nikaambiwa imba. Nikaimba. Nilipofika kwenye kiitikio hakuna aliyeitikia, wananitazama tu. Sauti ya kiitikio kile na maneno yake mawili vilikuwa vya unyagoni. Niliingia nikiwa mdogo, vikakaa mwilini miaka yote bila mimi kujua. Nililia kuliko siku niliyofiwa na babu.

Wakasema vesi ni zako, mwanetu, hizo hatuzigusi, lakini kile kitoe. Nikarudi studio kubadilisha kiitikio peke yake. Prodyuza akasema faili la kazi ameshalifuta, kilichobaki ni emupithrii niliyonayo kwenye simu, wimbo uliokwisha kuchanganywa, hautenganishiki. Ikabidi kuimba upya wimbo mzima. Vesi ya pili kwenye rekodi ya kwanza ilikuwa na kilio cha kweli. Ya sasa ni nzuri, lakini kilio kile hakikurudi.

Korosho Ghafi
Pole dada. Ila nyimbo za unyago haziimbwi nje. Wazee walikuwa na haki.

Fundi Gitaa Lindi
Haki gani? Sindimba inachezwa majukwaani nchi nzima na hakuna anayekalishwa mkekani. Kama sauti za bibi zetu ni mwiko, tutatunga kwa sauti za nani?

Korosho Ghafi
Kaka, sindimba ni ngoma ya hadharani. Unyago una mambo ya mwali na kungwi. Usichanganye.

Fundi Gitaa Lindi
Sichanganyi. Nimepiga gitaa miaka mingi, najua hakuna sauti isiyo na mama.

Mama Wawili, Nachingwea
Msimgombanishe mtoto wa watu na wazee wake. Wamemwachia vesi, wamefanya kiungwana.

Wakili Mdogo
Kisheria hata Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ina sehemu ya sanaa za jadi: ukizitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya kimila unatakiwa ruhusa ya BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Vesi ulizotunga ni zako maisha yako yote na miaka 50 baada yako. Ila kubalianeni na prodyuza kwa maandishi biti, yaani mdundo wa wimbo, ni ya nani.

Kibarua wa Ruangwa
Turudi studio jamani. Mimi nashauri andika bila biti kwanza, maneno yakae. Ukianza na biti unaishia kujaza mashimo.

Sauti ya Shangani
Kwangu kinyume. Bila biti vesi inakuwa ndefu, unafika kwenye maiki pumzi imeisha katikati ya mstari. Na chai ya tangawizi kabla ya kuingia.

Mama Wawili, Nachingwea
Tangawizi ilinikausha koo. Maji ya uvuguvugu, basi.

Bin Mikindani
Mnalalamikia studio za mjini, Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alisafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi! Kama huna hela mpaka korosho ziuzwe, rekodi demo chumbani: funga madirisha, tundika mablanketi ukutani kuua mwangwi, simu iwe shubiri moja na mdomo, pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipige.

Mwali wa Newala
Nami naongeza: siku mnapomaliza, nenda na flashi. Dai sauti yako ya kuimba na vyombo, kila kimoja faili lake la WAV, lile la sauti isiyobanwa, usitoke na wimbo uliochanganywa tu.

Dogo wa Mtama
Shikamooni. Mimi ndiyo naingia studio mwezi huu. Kiitikio changu kinanishinda juu nikikaza sauti. Nifanyeje?

Fundi Gitaa Lindi
Marahaba. Kiimbe bila chombo, pale unapofika bila kukaza, ujirekodi, umpelekee prodyuza aanzie hapo. Gitaa likishapigwa kwenye ufunguo wa juu, yaani kimo cha sauti cha wimbo, kushusha ni kulipiga upya, na utalipia mara mbili.

Dogo wa Mtama
Asante mzee. Namtumia leo jioni.