Sonata ya 7 ya Prokofiev: ninunue rekodi ipi?

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba ushauri kwa wanaosikiliza piano. Nataka kununua rekodi moja tu ya Sonata namba 7 (kipande cha piano chenye sehemu tatu) ya mtunzi Mrusi Prokofiev, ile aliyoimaliza 1942 vita vikiwa vimepamba moto, na mpiga piano Sviatoslav Richter akaipiga hadharani kwa mara ya kwanza jijini Moscow, Januari 1943.

Kinachonichanganya ni sehemu ya tatu, Precipitato (yaani kwa kasi ya kukimbizana). Mapigo ni saba, yanagawanyika 2+3+2, na mkono wa kushoto unang'ang'ania besi ileile. Kwenye rekodi ya mpiga piano Maurizio Pollini (1971) kila noti ni safi kama kioo, ila naona hana hofu hata chembe, na muziki huu bila hofu unabaki mazoezi ya vidole. Vladimir Horowitz wa 1945 ana moto, lakini sauti ya rekodi imechakaa. Richter ni mzito, hana papara.

Na sehemu ya pili, Andante caloroso (taratibu, kwa hisia za joto), nani anaiimbisha bila kuirembaremba? Grigory Sokolov aliipiga Paris 2002. Mliomsikia, nianze naye? Nasikilizia hedifoni za kawaida tu.