Mjadala: Wauguzi wagomee idadi ya wagonjwa, au wachukue nyongeza warudi wodini?

Mleta mada:
Wakuu, naomba tulijadili hili kwa hoja. Januari 9, 2023, wauguzi zaidi ya 7,000 wa hospitali za Mount Sinai na Montefiore, New York, waligoma. Wengi tulisikia "mgomo" tukadhani ni mshahara. Kumbe nyongeza ya asilimia 19.1 kwa miaka mitatu ilishawekwa mezani! Kilichokwamisha mazungumzo na chama chao, NYSNA, ni idadi ya wagonjwa anaopangiwa kila muuguzi. Mimi nasema walikuwa na haki ya kutoka nje.

Mchangiaji:
Mkuu, hapo sikuungi mkono. Kabla hata ya mgomo kuanza, Mount Sinai ilikuwa inahamisha watoto wachanga mahututi kwenda hospitali nyingine. Kichanga kipakiwe kwenye ambulansi na mashine zake kwa sababu watu wazima wameshindwa kuelewana? Pesa walishapewa. Hayo mengine wangeyadai wakiwa kazini.

Mleta mada:
Hoja ya watoto ni nzito, na inaniuma hata mimi. Ila tuiangalie wodi hiyohiyo siku ambayo hakuna mgomo. Mtoto njiti analishwa kwa mpira, maziwa kidogo kidogo, huku muuguzi akitazama kiwango cha oksijeni kwenye skrini. Mashine ya kitanda cha pili ikilia, na mikononi mwake wapo watatu au wanne, amwache yupi? Likitokea la kutokea, anayehojiwa ni yeye, si aliyeacha nafasi za kazi bila watu.

Kudai wakiwa kazini? Fomu za kulalamikia uhaba wa wauguzi zipo, na wamezijaza sana. Mgomo wa siku tatu ndio uliowapa kipengele chenye meno: zamu ikiwa pungufu, mwamuzi wa nje anaweza kuitoza hospitali faini, na fedha hiyo inakwenda kwa wauguzi wenyewe. Miezi michache baadaye Mount Sinai iliamriwa kuwalipa wauguzi wa wodi hiyohiyo ya vichanga mahututi zaidi ya dola 127,000. Bila kipengele kile, nani angelipa?

Wenye ndugu wanaofanya kazi wodini huko Marekani, tuambieni: mikataba yao inataja idadi ya wagonjwa, au ni mshahara na likizo tu? Nawe mchangiaji, ungewashauri watumie njia gani fomu zikishindikana?