Gololi, kasta ya kuzunguka au magurudumu manne? Nisaidieni kabla ya Jumatatu

mwana_mkomani (Lamu)
Asalaam aleikum wadau. Naunda kiroboti kidogo cha magurudumu, na Jumatatu kuna jamaa anatoka Nairobi ameniambia nimtumie orodha atanichukulia vitu Luthuli, kule kwenye maduka ya elektroniki, kwa hiyo sina muda wa kuzungukazunguka. Nimekwama kwa magurudumu. Kuna ya mawili nyuma na gololi ya chuma mbele inayobiringika ndani ya kikombe chake, kuna mawili na kasta ya kuzunguka kama za kiti cha ofisi, kuna manne yote na mota zake, na kuna yale ya mekanamu yanayotembea hadi ubavuubavu. Ipi nzuri?

fundi_barani (Malindi)
Wa aleikum salaam. Nzuri kwa kazi gani? Hujasema uzito, hujasema mota, hujasema itatembea juu ya nini. Hayo matatu ndiyo yanaamua, bei inakuja baadaye.

langoni_teki
Gololi bwana, usijisumbue. Haina mbele wala nyuma, ukirudi kinyumenyume inafuata tu, ukigeuka papo hapo inafuata tu. Mimi nimejenga tatu zote za gololi na zote zinakwenda mstari mmoja kama uzi.

mwana_mkomani
Samahani, nilikuwa na haraka. Mota ni zile za manjano za gia za plastiki, 1 kwa 48 (mota ikizunguka mara 48 gurudumu linazunguka mara moja), ninazo mbili tayari na magurudumu yake ya milimita 65. Bodi ya mota ni L298N, betri mbili za kuchaji za 18650. Kazi yake ni kumpelekea bibi yangu kahawa barazani, magoti yanamsumbua na hapendi kila saa kumwita mtu. Sakafu ni saruji ila katikati kuna mkeka. Uzito bila dele la kahawa kama kilo moja na robo, na dele sijalipima.

fundi_barani
Sasa tunaongea. Kwanza mekanamu itoe kwenye orodha, inataka mota nne na kila moja iendeshwe peke yake, na L298N moja ina njia mbili tu, kwa hiyo ni bodi mbili, mota mbili zaidi na betri kubwa, yote hayo kwa sababu ya kikombe cha kahawa.

Pili, pima kimo kabla hujanunua kasta yoyote. Mota ukiifunga chini ya ubao, kutoka kwenye ubao hadi katikati ya shafti ni kama milimita 11, ongeza nusu ya gurudumu 32 na nusu, unapata 43 na kitu. Kasta nayo lazima iwe 43. Vile vigololi vya bei rahisi vina kimo cha milimita 15 hivi, ukikifunga hivyohivyo roboti inainama mbele kama mtu anayerukuu na kahawa yote inaishia sakafuni. Weka vijiti vya shaba au kipande cha mbao hapo kati.

spana_muyeye (Malindi)
Mimi nakusihi usiguse kasta ya kuzunguka. Ngoja nieleze yaliyonipata, maana nilipoteza wiki mbili. Tulikuwa tunaandaa roboti ya watoto kwa maonyesho ya shule, nikaagiza mtandaoni seti ya magurudumu na kasta mbili za kuzunguka, muuzaji akasema yanaingia mota yoyote. Yakaja, tundu ni la milimita 3, la zile mota ndogo za N20, na sisi tuna hizi za manjano zenye shafti bapa pande mbili. Muuzaji nikimpigia hashiki. Basi nikatoboa tundu kwa msumari uliopashwa moto nikatia gundi, gurudumu moja likakaa limepinda kidogo, likawa linachezacheza. Tukasema twende hivyohivyo. Siku ya majaribio mbele inakwenda vizuri kabisa, watoto wanapiga makofi, nikaiambia irudi nyuma, na kasta ikirudi nyuma lazima kwanza ijigeuze nusu duara, na ikijigeuza inausukuma mwili mzima kando. Meza ilikuwa nyembamba. Ikaenda kando kama kiganja kimoja na kuanguka chini, gia za mota moja zikavunjika meno. Nilimwona mtoto aliyeunda ile programu akiziokota gia moja moja na kuzitia kwenye kopo la Kimbo. Sitasahau ile sura.

langoni_teki
Ndiyo nasema gololi.

bint_shela (Lamu)
Gololi iko sawa ukiwa Nairobi kwenye vigae. Kaka, hapa Lamu mchanga unaingia hadi kabatini. Nilikuwa na ya chuma ikaanza kuburuzika badala ya kubiringika, nikafungua kile kikombe chake, ndani nikakuta punje tatu za mchanga na unywele wa punda umejizungusha kwenye gololi kama uzi wa cherehani. Tena ikaota kutu kwa hewa ya bahari. Mimi sasa natumia gololi ya kioo ya watoto kuchezea, nimeikalisha kwenye shingo ya chupa ya dawa ya kwapa ya kupaka, ile yenye mpira wake. Haili kutu na ukitaka kuosha unaibandua tu.

langoni_teki
Kutu ni kutoipaka mafuta dada.

bint_shela
Na mafuta ndiyo yanayoshika mchanga.

spana_muyeye
Hapo kakushinda.

langoni_teki
Hajanishinda. Kioo kinateleza hakibiringiki, angalia vizuri. Lakini sawa, mzigo ukiwa mdogo hutaona tofauti.

fundi_barani
Wote mnasahau mkeka. Gololi ya milimita 12 ikifika kwenye ukingo wa mkeka inajichimbia kwenye ukili na inasimama hapo, magurudumu yanazunguka bure. Kitu kidogo mbele hakivuki. Dawa yake ni kuhamisha uzito: betri ziwe juu ya eksel au nyuma yake kidogo tu, magurudumu yabebe sehemu kubwa na gololi iguse tu. Ila usizidishe, isije ikaketi kitako mota zikishtuka. Na dele likae chini, katikati, kitu kirefu kikiwekwa juu kitayumba kila ukifunga breki.

kashmir_boy (Lamu)
Weka manne uondoke kwenye hii habari ya kasta kabisa. Ninayo, inapita mkeka bila wasiwasi.

fundi_barani
Inapita ikienda mbele. Ikigeuka je? Manne hayageuki, yanakwaruza, na kwenye mkeka yanarukaruka. Mota zinakula umeme kila kona, na ile L298N tayari imemeza karibu volti 2 kabla mota haijaona kitu. Kwa kahawa ya moto mimi sikubali.

kashmir_boy
Funga utepe wa plastiki kwenye tairi za nyuma ziteleze. Nimefanya, inageuka laini.

spana_muyeye
Na za mbele ukitaka zishike, kata soli ya ndara kuukuu uvishe kwenye gurudumu na gundi ya mpira. Tairi za kiwandani zikipata vumbi zinateleza, ndara haitelezi kirahisi.

bint_shela
Ndara zimejaa tele ufukweni. Kile chombo cha Flipflopi si kilijengwa hapahapa Lamu kwa plastiki zilizookotwa, kikavishwa ndara ubavuni kote 2018? Mafundi wetu wa majahazi wanajua hii kazi kuliko sisi.

spana_muyeye
Na sisi huku 1970 satelaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco pale Ngomeni. Wazee wanaozungumza habari za roketi bado wapo.

langoni_teki
Ngomeni ni ya Waitaliano, msijitwalie.

spana_muyeye
Ilipewa jina Uhuru kwa sababu ilirushwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, tarehe 12 Desemba, kutoka bahari yetu. Ya kwetu pia.

mwana_mkomani
Nimesoma yote, ahsanteni sana. Nilikuwa naelekea gololi mbili, moja mbele moja nyuma na magurudumu katikati, lakini kuna kitu sikusema. Kati ya ukumbi na daka, pale barazani mlangoni anapokaa bibi, kuna kizingiti.

fundi_barani
Lo! Hilo ndilo lingekuwa la kwanza. Kimo gani?

mwana_mkomani
Nimepima sasa hivi, vidole vinne. Sentimita 7.

fundi_barani
Gurudumu la milimita 65 halipandi hapo hata kwa dua, kizingiti chenyewe kimelizidi kimo. Ama uweke ubao wa mteremko kama nusu mita kila upande, ama bibi akae ndani ya ukumbi. Na ukiweka mteremko, hizo gololi mbili futa, pale chini mteremko unapoanza ya mbele itagota na magurudumu yatabaki hewani.

kashmir_boy
Ndiyo maana nikasema manne.

mwana_mkomani
Bibi hakubali kukaa ndani, anataka kuona watu wanaopita. Nitaongea na seremala kesho kuhusu ubao. Orodha bado sijatuma.

bint_shela
Usitume kwanza. Kesho baada ya alasiri mdogo wangu anakuja Mkomani, nitampa hiyo ya kwangu ya gololi ya kioo na kasta mbili za kuzunguka zilizobaki, uzijaribu kwenye mkeka wako mwenyewe.

langoni_teki
Na mimi naleta ya chuma. Iliyopakwa mafuta.