Kingamwili ya UCH-L1 "iliyothibitishwa kwa panya": imethibitishwa na nani?

Wadau wa maabara, nimechoka na nimekasirika. Miezi minne ya kazi imekwenda na maji kwa sababu ya kichupa kimoja cha kingamwili, ile protini ya kinga tunayoitumia kunasa protini moja tunayoitafuta.

Tunafuatilia UCH-L1, kimeng'enya cha kuondoa yubikuitini (protini ndogo inayobandikwa kwenye protini nyingine kama alama), kwenye tishu za panya. Si protini ya kutafutwa kwa tochi: imejaa kwenye niuroni, hukadiriwa kuwa asilimia 1 hadi 5 ya protini zinazoyeyuka za ubongo. Kwenye ini lenye afya karibu haipo. Kwa hiyo ini ndilo kipimo changu cha ukweli.

Nikatenganisha protini za kila tishu kwa uzito, nikazihamishia kwenye utando, nikazipima kwa kingamwili hiyo. Ini likatoa mstari mnene wa kilodaltoni 25 (kizio cha uzito wa protini). Bandama nayo ikatoa, tena mnene kuliko wa ubongo! Nikajilaumu kwanza. Nikapunguza kingamwili, nikaacha kuziba utando kwa maziwa nikatumia albumini, nikaosha utando mpaka basi. Wapi.

Nikaendesha utando bila kingamwili ya kwanza kabisa, yaani ile ya kutafuta UCH-L1; nikabakiza ya pili tu, ambayo kazi yake ni kuishika ya kwanza na kuionyesha. Mstari wa bandama ukabaki pale pale. Kingamwili hii imetengenezwa kwa panya, nami naitumia kwenye tishu ya panya. Ile ya pili inanasa kingamwili za mnyama mwenyewe, na mnyororo wao mwepesi (kipande kidogo cha kila kingamwili) una takriban kilodaltoni 25, uzito ule ule wa UCH-L1. Nakubali, nilipaswa kulishtukia mapema. Lakini muuzaji wa kitu cha kupima protini ya uzito huo anashindwaje kuandika hata sentensi moja ya tahadhari?

Nikapitisha maji ya chumvi kwenye mishipa kuondoa damu kabla ya kutoa viungo, nikanunua kingamwili ya pili isiyogusa mnyororo mwepesi. Bandama ikatulia. Ini halikutulia: mstari upo, juu kidogo ya 25.

Wenzetu wakatupatia ubongo wa panya wa aina ya gad, ambao jeni lao la UCH-L1 lina kasoro na hawana kimeng'enya hicho. Mstari ule ule! Mshukiwa wangu ni UCH-L3, ndugu yake wa karibu mwenye asidi amino 230 dhidi ya 223, anayepatikana karibu kila tishu.

Nikaiandikia kampuni. Wakajibu nipunguze kipimo. Nikauliza walimchanja mnyama kwa kipande gani cha protini: siri ya biashara. Nikauliza picha ya tishu ya panya iko wapi, maana karatasi ya maelezo ina seli za binadamu tu. Wakasema panya ametajwa kwa kuwa mfuatano wa protini unafanana. Yaani hawakujaribu! Neno "imethibitishwa" limeandikwa na mtu aliyekaa mezani.

Kinachoniuma kuliko vyote ni wanyama. Kila utando ule ulitokana na panya tuliyemuua ili tupate jibu, na jibu hatuna.

Mwenye kingamwili ya UCH-L1 iliyotengenezwa kwa sungura, akaijaribu kwenye ubongo wa gad na asione mstari wowote, tafadhali aniandikie. Na wewe unayetumia ya panya kwenye panya, endesha utando mmoja bila ya kwanza, leo hii, kisha uweke picha yake hapa.