Nzi wa matunda wamegoma kutoa 1:1:1:1, naombeni msaada

Kijana_PCB: Habari zenu wakuu. Nipo kidato cha sita, jenetiki inanitoa jasho. Nzi wa kijivu mwenye mabawa ya kawaida kapandishwa na mweusi mwenye mabawa yaliyodumaa. F1 (watoto wao, kizazi cha kwanza) wote wakawa kijivu, mabawa kawaida. Jike wa F1 akapandishwa na dume mweusi mwenye mabawa yaliyodumaa, wakapatikana:

kijivu, kawaida 965
weusi, yaliyodumaa 944
kijivu, yaliyodumaa 206
weusi, kawaida 185

Kwa kanuni za urithi za Mendel nilitegemea kila kundi 575. Halafu kipengele cha pili kinauliza: tukimtumia dume wa F1 na jike mweusi mwenye mabawa yaliyodumaa, tutapata nini? Mtihani umekaribia.

Binti_Maabara: Mdogo wangu, jeni hizo mbili ziko kwenye kromosomu moja, ile ya pili, kwa hiyo hurithiwa pamoja mara nyingi. Ndiyo maana wanaofanana na babu na bibi zao wamejaa. Hao 206 na 185 wametokana na kromosomu za mama kubadilishana vipande wakati wa meiosisi, yaani mgawanyiko wa seli unaotengeneza mayai na mbegu. Jumla 391, gawanya kwa 2300, unapata asilimia 17. Basi umbali kati ya jeni hizo kwenye ramani ni sentimorgani 17 (kipimo cha umbali wa jeni: asilimia moja ya mchanganyiko ni sentimorgani moja). Kipengele cha pili jibu ni hilohilo.

Mwl_Baiolojia: Hapo mwisho sikubaliani, dada. Dume wa nzi huyu habadilishani vipande kabisa! Mwanajenetiki Thomas Hunt Morgan aliliripoti hilo mwaka 1912, akiwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Gameti zake (seli za uzazi) ni BV na bv tu (B kijivu, b mweusi, V mabawa ya kawaida, v yaliyodumaa), kwa hiyo watoto ni makundi mawili, nusu kwa nusu. Usilipeleke kwa viumbe wote. Binadamu hubadilishana mwanamume na mwanamke. Kijana, kabla hujagusa kikokotoo, angalia chotara, yaani huyo wa F1, ni jike au dume. Wengi wanapotezea alama hapo.

Kijana_PCB: Shikamoo mwalimu, nimekupata. Na F1 kwa F1?

Mwl_Baiolojia: Marahaba. Achana na uwiano wa Mendel wa 9:3:3:1. Gameti za jike: BV 0.415, bv 0.415, Bv 0.085, bV 0.085. Za dume: 0.5 na 0.5. Weusi wenye mabawa yaliyodumaa ni 0.415 × 0.5, yaani asilimia 20.75. Kila kundi la mchanganyiko ni 4.25. Waliobaki, 70.75, ni kijivu wa kawaida. Chora jedwali la Punnett (la kuunganisha gameti za jike na za dume), ulete hapa tulikague.